Bia tatu ni vipimo sita: niliyojifunza kwa kuwauliza wagonjwa habari za pombe

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa Moshi Vijijini, mlimani. Kwa miaka kadhaa sasa kila mtu mzima anayekuja kwetu kutibiwa, awe amekuja kwa presha, kikohozi au kidonda, anaulizwa pia habari za pombe. Wenzangu waliohamia vituo vingine wananipigia simu: wameanza kuuliza, wagonjwa wanakasirika, wengine wanakaa kimya, wengine wanadanganya mchana kweupe, wafanyeje? Nimeona niandike yote kwa pamoja, na yale yaliyotuumiza nisiyafiche.

Kwanza kifaa chenyewe, kwa asiyekijua. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza dodoso la maswali kumi liitwalo AUDIT. Lilijaribiwa kwa wagonjwa wa nchi sita: Norway, Australia, Bulgaria, Mexico, Marekani na jirani zetu Kenya, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1993. Kwa hiyo anayekwambia kwamba ni mambo ya Wazungu hayatufai, mjibu kwamba wagonjwa wa Kenya walikuwemo tangu mwanzo, na hapa kwetu Moshi watafiti wamelipima tena kwa Kiswahili kwa majeruhi wa hospitali. Maswali matatu ya kwanza yanahusu unywaji: mara ngapi, kiasi gani, na ni mara ngapi mtu anafikisha vipimo sita au zaidi vya pombe kwa mkao mmoja (kipimo kimoja ni gramu 10 za kilevi halisi). Matatu yanayofuata yanatafuta kama pombe imeshamshika: anashindwa kuacha akianza, anashindwa kufanya yaliyompasa, anahitaji ya asubuhi ili apate nguvu. Manne ya mwisho ni ya madhara: majuto, kusahau ya jana usiku, kuumia au kuumiza mtu, na kama ndugu au mhudumu wa afya ameshawahi kumwambia apunguze. Jumla ya alama ni 40. Chini ya 8 unampa elimu kidogo na kumwacha aende. Kati ya 8 na 15 unampa ushauri mfupi. Kati ya 16 na 19 ushauri huo unafuatwa na mazungumzo zaidi na miadi ya kurudi. Kuanzia 20 ni rufaa.

Hayo yamo kwenye mwongozo na utayasoma kwa dakika tano. Shida inaanza pale mgonjwa anapokaa mbele yako.

Tulipoanza, maelekezo tuliyopewa yalikuwa tuwaulize "wanywaji". Basi tukawauliza walionukia pombe, waliopigwa ngumi kilabuni, na wale ambao kijiji kizima kinajua walivyo. Karatasi zikarudi na 26, 31, 34. Watu hao ushauri wa dakika nne hauwatoshi, wanahitaji matibabu, na kila tulipowasemesha tuliishia kukata tamaa sisi na wao. Wenzangu wakaanza kusema kazi hii haina maana. Wakati huohuo, kwenye benchi lilelile, alikaa mwalimu mstaafu ambaye presha yake haishuki, mama wa makamo mwenye vidonda vya tumbo visivyopona, na kijana wa bodaboda anayekunywa Jumamosi tu, ila hiyo Jumamosi hajui alifikaje nyumbani. Hawa hatukuwauliza chochote. Hakuna aliyewaita walevi, na wao wenyewe hawajioni hivyo. Lakini ushauri mfupi umetengenezwa kwa ajili yao hasa, watu ambao pombe imeanza kuwala na bado hawajawa watumwa wake.

Ukitaka ushahidi, upo. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, uliokusanya tafiti 69 za ushauri mfupi kwenye kliniki za kawaida na vitengo vya dharura, zenye washiriki zaidi ya elfu thelathini kwa jumla. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa ushauri walikuwa wanakunywa pungufu ya wenzao kwa takriban gramu 20 za kilevi kwa wiki. Hiyo ni chupa moja ya bia ya nusu lita. Nilipowaeleza wenzangu, mmoja aliguna: bia moja kwa wiki tu? Ndiyo, bia moja kwa wiki, kwa wastani, kwa mazungumzo ya dakika chache yasiyohitaji dawa wala mashine. Wapo waliopunguza zaidi na wapo ambao hawakupunguza kabisa. Jambo jingine lililonipa moyo ni kwamba mazungumzo marefu hayakuongeza faida kubwa kuliko mafupi, na mimi nafasi ya mazungumzo marefu sina. Niseme pia kwamba tafiti nyingi kati ya hizo zilitoka nchi tajiri, kwa hiyo hapa kwetu tunalazimika kuangalia wenyewe kama yanafanya kazi.

Tukabadilisha. Tukaamua kila mtu mzima aulizwe, bila kuchagua sura, kama tunavyompima kila mtu uzito na presha. Hapo ndipo hasira zilipopungua. Ukimwita mzee mmoja kati ya kumi na kumwuliza habari za pombe, umeshamhukumu mbele ya majirani zake. Ukimwuliza mchungaji, ukamwuliza mama wa kwaya, ukamwuliza na diwani, basi hakuna aliyenyooshewa kidole.

Kuna suala la heshima ambalo mwongozo hauligusi. Mimi ni mwanamke, na wagonjwa wangu wengi ni wakubwa kuliko baba yangu. Huwezi kumsalimu mtu shikamoo halafu sentensi inayofuata ikawa "unakunywa pombe kiasi gani?" Ninachosema, na wenzangu wengi sasa wanasema hivyo, ni hiki: "Baba, kuna maswali machache tunamwuliza kila mtu mzima anayefika hapa, kwa sababu vinywaji vinaingiliana na magonjwa na dawa. Naomba nikuulize na wewe." Halafu nasubiri aniruhusu. Karibu wote wanaruhusu. Anayekataa namwacha, namwambia mlango uko wazi siku nyingine. Na maswali haya hayaulizwi kwenye benchi. Tuna chumba kidogo cha kuchoma sindano, tunafunga mlango. Kituo kisicho na chumba kitafute hata kona nyuma ya pazia, la sivyo kisianze.

Sasa nije kwenye vipimo, maana hapa ndipo karatasi nyingi zinaharibika. Dodoso linahesabu kwa kipimo kimoja cha gramu 10 za kilevi halisi. Hakuna mtu Kilimanjaro anayekunywa kwa gramu. Mgonjwa anakwambia "bia tatu", muuguzi anaandika tatu, na tayari amekosea. Bia ya chupa ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vipimo viwili. Bia tatu ni vipimo sita, na sita ndiyo namba ile ya swali la tatu. Mtu aliyeonekana mnywaji wa kawaida kabisa anakuwa amefikisha kiwango cha hatari kila Ijumaa, na karatasi yako haijaona kitu. Konyagi ina asilimia 35. Chupa ndogo ya mililita 200 inabeba vipimo vitano na nusu, na vijana wawili wanaimaliza wakisubiri abiria. Viroba, yaani vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku Machi 2017, ila pombe kali iliendelea kupatikana, sasa katika vichupa vidogo vya plastiki. Hesabu ni rahisi: zidisha mililita kwa asilimia ya kilevi, gawanya kwa 100, halafu zidisha kwa 0.79. Unapata gramu.

Mbege, pombe yetu ya kienyeji, ndiyo ilitusumbua. Haina lebo. Inapikwa kwa ndizi na ulezi, ikatiwa magome ya mti wa msesewe, na ukali wake unategemea mpishi na umri wake: ya leo tamu, ya kesho kutwa inakata. Tena hainywewi kwa glasi, inanywewa kwa kata, na kata yenyewe inapokezanwa. Mtu atakwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba hajui amekunywa kiasi gani, na kweli hajui. Mimi na mwenzangu mmoja tulibeba chupa tupu za dripu za mililita 500, tukaenda kwenye vilabu viwili vya jirani asubuhi kabla wateja hawajafika, tukaomba kata na majagi tukayajaza maji. Wenyeji walituangalia kwa mshangao, lakini walitusaidia. Kata kubwa ya kilabu cha juu ilimeza dripu mbili ikabaki na nafasi. Ya kilabu cha chini ilijaa kwa dripu moja na nusu. Ukikadiria mbege ya asilimia 4, lita moja ina gramu 31 au 32, vipimo vitatu. Tukachora picha kwenye karatasi ya manila: kata, jagi, chupa ya bia, kichupa cha plastiki, glasi ya mvinyo, na pembeni ya kila picha idadi ya vipimo. Mgonjwa anaonyesha kwa kidole. Picha ile ilituokoa kuliko semina yoyote. Ukiwa Iringa utachora chombo cha ulanzi, ukiwa Tanga utachora cha mnazi. Usinakili picha yetu. Nenda ukapime vyombo vya kwenu.

Kwa wanaokunywa kwa kupokezana, ninauliza hivi: mlikuwa wangapi, mliagiza lita ngapi, na mliongeza mara ngapi? Nagawanya. Si hesabu kamili, lakini inatosha kujua mtu yuko kundi gani.

Jihadhari na majira. Ukiuliza wakati wa Kwaresima, nusu ya watu watakwambia hawanywi, na hawadanganyi. Ukiuliza wiki ya mwisho ya Desemba, wakati Wachaga wote wamerudi nyumbani na kila boma lina sherehe, utadhani mlima mzima unahitaji rufaa. Dodoso linauliza habari za mwaka mzima uliopita, kwa hiyo mkumbushe mgonjwa: "Toka nje ya Kwaresima kidogo, niambie mwaka ulivyokwenda." Kwa Waislamu wanaokunywa na kusimama Ramadhani, vivyo hivyo, na hao uwape faragha maradufu.

Gongo, pombe kali inayopikwa kienyeji, ni suala lingine. Ni haramu kisheria, na mtu anaogopa akikwambia utampeleka kwa mtendaji. Naanza kwa kumhakikishia kwamba sitamwuliza amenunua kwa nani. Mimi naishi hapohapo kijijini. Jumapili natoka kanisani, napita mbele ya kilabu, nawaona wagonjwa wangu, nao wananiona. Nilijizoeza kuwasalimu kama ninavyowasalimu sokoni na kuendelea na safari yangu, bila kumkazia mtu macho wala kumtania. Mara moja tu muuguzi akimwambia mtu kilabuni "tulikubaliana nini?", habari zinafika vitongoji vyote kabla ya jioni, na hakuna atakayemwambia ukweli tena.

Hilo linanipeleka kwenye daftari. Wagonjwa wetu wengi wanatembea na daftari lao la matibabu, na daftari hilo nyumbani linasomwa na kila mtu. Kuna mhudumu mmoja, si lazima niseme wapi, aliandika kwa kalamu nyekundu "mlevi sugu" kwenye daftari la baba mmoja wa presha. Mke alisoma, watoto wakasoma, ukatokea ugomvi mkubwa. Yule baba alikaa miezi mingi bila kurudi kuchukua dawa. Aliporudi alikuwa anavuta mguu mmoja. Siwezi kuthibitisha kwamba maneno yale ndiyo yaliyosababisha kiharusi, lakini dawa zilikatika kwa sababu yake, na bado linaniuma. Sisi tunaandika herufi A na namba, basi: "A 11". Mwenzangu wa zamu nyingine anaelewa, nyumbani hawaelewi. Maelezo marefu yanabaki kwenye faili la kituo, kabatini.

Halafu tuko sisi watumishi. Tuna wenzetu waliookoka, ambao mgonjwa akitaja mbege wanaanza mahubiri. Tuna wenzetu wanaokunywa, ambao wanaruka maswali kwa sababu wanaona kama wanajiuliza wenyewe. Wote nawaelewa. Kilichotusaidia ni kila mtumishi kujaza dodoso lake mwenyewe, peke yake, bila kumwonyesha mtu. Baada ya hapo sauti zilibadilika: waliokuwa wanahubiri walipoa kidogo, na waliokuwa wanakwepa walianza kuuliza.

Nieleze sasa mazungumzo yenyewe, kwa mfano wa yule mwalimu mstaafu, nikibadilisha mambo machache asitambulike. Alipata 11. Kata mbili kila jioni na marafiki zake, zaidi siku za misiba na harusi. Hakuwahi kugombana na mtu, hakuwahi kulala njiani. Alishaniambia kabla sijauliza, "Uliza tu mwanangu, lakini mimi si mlevi." Sikubishana. Nikamwambia: "Mwalimu, alama zako ni 11. Kuanzia 8 tunasema pombe imeanza kuhatarisha afya, hata kama haijaleta fujo yoyote. Mwenyewe unaionaje?" Halafu nikanyamaza. Kunyamaza huku ni kugumu, hasa foleni ikiwa ndefu, lakini ndipo kazi inapofanyika. Alizungusha kofia yake mkononi, akaniuliza, "Kwa hiyo hizi kata za jioni ndizo zinazuia presha isishuke?" Nikamjibu kwamba zinachangia, na kwamba akipunguza, dawa zake zitapata nafasi ya kufanya kazi.

Nikamwuliza: kuanzia 0 hadi 10, kupunguza kuna umuhimu gani kwake? Akasema 5. Nikamwuliza kwa nini 5, kwa nini isiwe 2? Swali hili nawasihi mlitumie kama lilivyo. Ukimwuliza mtu kwa nini isiwe 9, atakupa sababu za kutobadilika. Ukimwuliza kwa nini isiwe 2, atatafuta mwenyewe sababu za kubadilika. Mwalimu alisema kaka yake alipooza upande mmoja na wao ndio waliomlisha kwa kijiko hadi alipofariki. Hilo mimi nisingelijua, na hakuna hotuba yangu ambayo ingelifikia uzito wake.

Kuhusu namna ya kupunguza, mimi nilimtajia njia mbili tatu na yeye akachagua yake. Alisema hawezi kuacha kukaa na wenzake, atabaki mpweke. Ila kata ikizunguka hajui amekunywa kiasi gani. Akaamua atakwenda na kikombe chake cha bati, kimoja kwa jioni, na Jumatatu hadi Jumatano asiende kabisa. Nikaandika "A 11, kikombe" na tarehe ya kurudi. Yote haya hayakufika dakika sita. Presha yake ilishuka miezi iliyofuata. Alikuwa pia ameanza kumeza dawa bila kuruka, kwa hiyo sifa zote sitazipa kikombe, lakini aliniambia kilichomsaidia kumeza dawa ni kwamba jioni anafika nyumbani akiwa na kumbukumbu.

Angalizo moja: usimwahidi mgonjwa kwamba kiasi fulani ni salama. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na kilevi kimehesabiwa kati ya visababishi vya saratani tangu 1988. Mimi nasema: "Kila unapopunguza, hatari inapungua." Kwa mjamzito nasema tofauti kabisa, aache kwa kipindi chote, na hapo sizungumzi habari ya kupunguza.

Wanawake tuliwasahau kwa muda mrefu. Mama anayepika mbege ya kuuza atakwambia "sinywi, naonja tu", na ni kweli, lakini anaonja tangu alfajiri kwa kila pipa. Siku hizi nauliza pia: "Na kuonja je?" Wapo wanaoamini mbege inaongeza maziwa kwa mama aliyejifungua, na mara nyingi ni mama mkwe anayeileta kwa upendo. Mama mkwe ndiye wa kuzungumza naye, kwa adabu, binti usimlaumu.

Foleni ikizidi, hasa Jumatatu, tunatumia maswali matatu ya kwanza peke yake. Alama zake ni 0 hadi 12. Mwanaume akifikisha 4 au mwanamke 3, tunaendelea na yaliyobaki. Hii ilitatua malalamiko mengi ya muda. Gharama nyingine zilikuwa za kutoa fotokopi, ambazo kwa miezi ya mwanzo tulichanga mifukoni mwetu. Baadaye tuliweka maswali kwenye karatasi ngumu moja iliyofunikwa plastiki na majibu tukayaandika kwenye faili. Kwa majeruhi, wenzetu wa KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, wana mazungumzo yao yanayoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, yanayofanywa na wauguzi kitandani kwa mgonjwa na kufuatiwa na ujumbe wa simu. Mtu aliyevunjika mguu baada ya kunywa ana masikio siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote, na kijana wangu wa bodaboda alisikia pale alipokuwa ananyooshwa mkono.

Sasa jambo la hatari kuliko yote. Ukikuta mtu anajibu kwamba anahitaji pombe ya asubuhi, au ameshawahi kutetemeka na kutoka jasho akiikosa, usimwambie aache leo. Tuliletewa fundi ujenzi aliyekuwa anaanza na gongo saa kumi na mbili asubuhi. Mahali fulani aliambiwa "acha leo au utakufa". Alitii. Siku ya kwanza mikono ilitetemeka, ya pili alipata degedege, ya tatu alikuwa anafukuza wadudu ambao hawapo ukutani. Walimleta kwa bodaboda akiwa kati ya watu wawili wamemshika. Tulimpa diazepam, tukampima sukari, tukampa vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, ndugu wakachanga mafuta ya gari, akaenda hospitali ya mkoa. Alipona. Mimi sikulala usiku ule, nikifikiria kwamba mtu alitii ushauri wetu sisi watumishi wa afya na nusura umuue. Kuacha ghafla kwa mtu aliyetegemea pombe kwa muda mrefu kunahitaji uangalizi na dawa. Mpaka afike huko, aambiwe asikate ghafla, ale, anywe maji, na asibaki peke yake.

Rufaa nayo ina ugumu wake. Kitengo cha afya ya akili watu wanakikataa, wanasema hawajawa vichaa. Tunachofanya ni kupiga simu kabla, kujua anayehusika ni nani na yupo siku gani, kisha tunamwambia mgonjwa aende kwa mtu huyo. Wanaofikiria nyumba za kurekebisha walevi nawaambia waulize mambo mawili kabla ya kulipa: gharama yote kwa mwezi ni shilingi ngapi pamoja na chakula na dawa, na wiki ya kwanza ni mtaalamu gani wa afya anayekuwepo usiku. Asiyejibu swali la pili, usimwachie ndugu yako.

Wanaokuja mara nyingi zaidi ya wanywaji wenyewe ni wake na mama zao. Wanafika peke yao, wananong'ona, wanaomba dawa ya kutia kwenye chai bila yeye kujua. Wengine wameshanunua unga kwa wachuuzi kwa fedha ambazo zingelipa ada. Nawaeleza kwamba dawa halisi ya aina hiyo ipo, na mtu akinywa pombe juu yake bila kujua amepewa, moyo na presha vinaweza kumgeuka akafa mezani. Hakuna kitu cha kutiwa kwenye chai. Halafu namwuliza mama huyo kama mumewe amepimwa presha mwaka huu. Karibu siku zote hajapimwa. Namwambia amlete kwa presha tu, asitaje pombe njiani wala hapa. Akifika ataulizwa yale anayoulizwa kila mtu.